Usemi Taarifa wa Kiingereza kwa Wajifunzaji Wasemao Kihispania: Kipi Kifundishwe Kwanza?

1.0 Utangulizi



Hakuna jamii ya wanadamu isiyopeleka maneno ya mtu mmoja kwa mwingine. Mtoto hutumwa kwa jirani na kurudi na jibu. Mgonjwa hueleza nyumbani yale aliyoambiwa na tabibu. Shahidi huulizwa mahakamani mshtakiwa alitamka nini. Wahenga walisema kwamba mjumbe hauawi, na msemo huo una sharti lisilotajwa: mjumbe husalimika kwa sababu maneno si yake, kwa hiyo ni wajibu wake kuyafikisha kama alivyopewa. Katika sarufi kazi hiyo hufanywa na usemi taarifa.

Mhadhara huu unahusu ufundishaji wa usemi taarifa wa Kiingereza kwa wajifunzaji ambao lugha yao ya kwanza ni Kihispania. Kundi hilo ni kubwa mno. Kihispania ni lugha ya taifa au ya serikali katika nchi 20: Hispania barani Ulaya, Guinea ya Ikweta barani Afrika, na nchi 18 za Amerika. Nchini Marekani peke yake zaidi ya watu milioni 40 huzungumza Kihispania nyumbani, na wengi wao hukutana na Kiingereza katika ofisi, hospitali na mahakama.

Vitabu vingi vya sarufi ya Kiingereza humpa kila mjifunzaji, atokako kokote, jedwali moja: safu ya kushoto ina njeo za usemi halisi, safu ya kulia ina njeo za usemi taarifa zilizorudishwa nyuma hatua moja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jedwali hilo humfundisha msemaji wa Kihispania jambo ambalo kwa kiasi kikubwa analijua, na humwacha bila msaada mahali ambapo maana hupotea hasa. Kiswahili kitatumika kama mizani ya tatu, kwa kuwa hukubaliana na Kihispania katika baadhi ya mambo na kutofautiana nacho katika mengine, na kwa njia hiyo hudhihirisha kwamba jedwali moja haliwezi kuwafaa wote.

2.0 Usuli

Swali la lugha ya kwanza humsaidiaje au humzuiaje mjifunzaji lina historia ndefu, na Kihispania kimo katikati ya historia hiyo. Mwaka 1957 Robert Lado alichapisha kitabu chake Linguistics Across Cultures, ambamo alidai kwamba mwalimu aliyelinganisha lugha mbili kwa makini anaweza kutabiri yatakayokuwa magumu na yatakayokuwa mepesi. Lado mwenyewe alikuwa mwana wa wahamiaji wa Kihispania, aliyezaliwa Tampa, Florida, mwaka 1915. Mwaka 1965 Stockwell, Bowen na Martin walitoa uchanganuzi linganishi mpana wa miundo ya sarufi ya Kiingereza na Kihispania.

Baadaye imani hiyo ilipunguzwa makali. Mwaka 1967 S. P. Corder alionyesha kwamba makosa ya mjifunzaji si takataka ya kufagiwa, bali ni ushahidi wa kanuni anazojijengea. Mwaka 1972 Larry Selinker aliupa mfumo huo wa kati jina lake, akieleza kwamba lugha ya mjifunzaji si ile ya kwanza wala si ile lengwa. Leo hakuna mtaalamu anayeshikilia kwamba kila kosa hutokana na lugha ya kwanza. Hata hivyo, somo la Lado bado lina nguvu katika jambo moja: ulinganishi humwonyesha mwalimu mahali pa kutopoteza muda.

3.0 Kile Ambacho Mjifunzaji Anacho Tayari

Tuchukue mwanamke aliyesema kwa Kihispania: “Estoy enferma”, yaani “Ninaumwa”. Anayetoa taarifa baadaye husema: “Dijo que estaba enferma.” Kitenzi cha wakati uliopo kimerudi nyuma. Kiingereza hufanya vivyo hivyo: “She said she was ill.” Akisema “Vendré”, yaani “Nitakuja”, taarifa huwa “Dijo que vendría”, na kwa Kiingereza “She said she would come.” Akisema “He terminado”, yaani “Nimemaliza”, taarifa huwa “Dijo que había terminado”, na kwa Kiingereza “She said she had finished.” Safu mbili za jedwali maarufu zinalingana hatua kwa hatua.

Ulinganifu huo haukugunduliwa jana. Andrés Bello, mwanazuoni aliyezaliwa Caracas mwaka 1781, akaishi London kuanzia 1810 hadi 1829, kisha akawa mkuu wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Chile, alichapisha sarufi yake ya Kihispania kwa ajili ya watu wa Amerika mwaka 1847. Katika sarufi hiyo umbo kama “vendría” liliitwa pospretérito, maana yake wakati unaofuata baada ya wakati uliopita. Umbo kama “estaba” liliitwa copretérito, yaani wakati unaokwenda sambamba na wakati uliopita. Majina hayo bado hutumika katika shule za Mexico. Mwanafunzi wa Mexico aliyefundishwa sarufi ya lugha yake, basi, amekwisha kusikia, kwa istilahi zake mwenyewe, kanuni ambayo kitabu cha Kiingereza humletea kama jambo geni.

Kiswahili kiko upande mwingine. Husemwa: “Alisema kwamba anaumwa”, “Alisema kwamba atakuja”, “Alisema kwamba amemaliza”. Njeo ya kishazi tegemezi hupimwa kwa wakati wa msemaji wa kwanza, haivutwi na kitenzi “alisema”. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania au wa Kikenya anayejifunza Kiingereza ana haja halisi ya jedwali la njeo. Mwenzake wa Bogotá au Sevilla ana haja ya kuambiwa tu: fanya kama unavyofanya nyumbani.

Kuna mahali pamoja ambapo hata hapa pahitaji uangalifu. Kihispania kina nyakati mbili zilizopita katika umbo la neno moja: “vivía”, ya hali iliyokuwa ikiendelea, na “vivió”, ya jambo lililotazamwa kama limekwisha. Kiingereza kina “lived” kwa zote mbili. Anaposikia “She said she lived in Lima”, mjifunzaji anaweza kudhani kwamba mwanamke huyo amekwisha kuhama Lima, ilhali alichosema ni kwamba anaishi huko. Tatizo hapa si kuirudisha njeo nyuma. Ni kuitambua pale iliporudishwa na mwingine, na mazoezi ya kugeuza sentensi ni nadra kugusa upande huo wa msikilizaji.

4.0 Mahali Maana Inapopotea

4.1 Amri na ombi

Kihispania hutumia kitenzi kimoja, “decir”, kwa kutoa habari na kwa kutoa amri, na tofauti huwekwa katika kitenzi kinachofuata. “Dice que viene” maana yake “Anasema kwamba anakuja”. “Dice que venga” maana yake “Anasema aje”. Kitenzi cha pili kimo katika dhamira tegemezi. Msikilizaji wa Kiswahili hutambua mara moja ndugu wa kiishio chake -e: “anakuja” na “aje” hutofautiana jinsi “viene” na “venga” zinavyotofautiana.

Kiingereza hakifuati njia hiyo. Baada ya “tell” na “ask” hutaka kitenzi-jina: “He told me to come.” Msemaji wa Kihispania asiyefundishwa jambo hili hutafuta kishazi chenye kiunganishi “that”, kwa sababu “que” iko katika sentensi yake mwenyewe. Sasa chukua sentensi “Me dijo que firmara el papel”, yaani “Aliniambia nitie saini karatasi”. Umbo “firmara” ni la dhamira tegemezi ya wakati uliopita. Mjifunzaji aliyezoea jedwali la njeo anaweza kusema: “He told me that I signed the paper.” Sentensi hiyo haina kasoro yoyote ya sarufi. Mwalimu hawezi kuiwekea alama nyekundu. Lakini maana yake ni “Aliniambia kwamba nilitia saini karatasi”. Mtu aliyeamriwa kutia saini, na pengine akakataa, amegeuka kuwa mtu anayetajwa kwamba alitia saini.

Katika Kiswahili umbali kati ya maana hizo mbili ni silabi chache: “nitie” na “nilitia”. Mbele ya afisa wa uhamiaji au hakimu umbali huo unaweza kuwa ni kesi nzima.

4.2 Kiima na nafsi

Kihispania, kama Kiswahili, hakilazimiki kutaja kiima kwa neno la pekee, kwa kuwa kitenzi hubeba nafsi. Tofauti ni kwamba kiambishi cha Kiswahili ni bayana: “nilikuwa” si “alikuwa”. Katika Kihispania nafsi ya kwanza na ya tatu za wakati uliopita usiotimilifu zina umbo moja. “Dijo que tenía la llave” yaweza kuwa “Alisema kwamba alikuwa na ufunguo” au “Alisema kwamba nilikuwa na ufunguo”. Muktadha ndio unaoamua.

Kiingereza hakimruhusu msemaji kuuachia muktadha kazi hiyo; lazima achague “he”, “she”, “I” au “you”. Mjifunzaji wa awali huruka uchaguzi huo na kusema *“He said that had the key”, ambapo nyota huonyesha sentensi isiyokubalika. Aliyeendelea kidogo hujaza nafasi, lakini kiwakilishi cha kwanza kinachomjia si lazima kiwe sahihi. Hali kadhalika neno “su” humaanisha -ake, -ao, na hata -ako ya heshima. Anayetoa taarifa ya ugomvi juu ya ufunguo, mkoba au mtoto hana budi kuamua ni wa nani, na lugha yake ya kwanza haikumzoesha kuamua kila mara.

Msemaji wa Kiswahili hukosea mahali pengine katika eneo hilohilo. Nafsi ya kwanza na ya tatu hazimchanganyi, lakini “a-” na “-ake” hazionyeshi jinsi, kwa hiyo “he” na “she” humponyoka.

4.3 Kusema na kuambia

Kiingereza hutenga “say” na “tell”: kitenzi cha kwanza hutaja maneno, cha pili hudai anayeambiwa. Kihispania hutumia “decir” kwa vyote viwili, na hapo ndipo panapozaliwa *“He said me that...”. Kosa hilohilo huenea hadi “explain”: kutokana na “me explicó que” hutoka *“He explained me that...”.

Katika jambo hili Kiswahili kimemtengenezea msemaji wake njia. “Alisema” na “aliniambia” ni vitenzi viwili, na atakayethubutu kusema “alinisema” atakuwa ametamka jambo jingine kabisa, yaani alinikaripia au alinisengenya. “Ambia” na “kwamba” zote hutokana na kitenzi cha kale “kuamba”, kusema, ambacho bado huishi katika methali na mashairi. Kiunganishi chenyewe cha usemi taarifa wa Kiswahili, kwa hiyo, kilikuwa kitenzi cha kusema.

4.4 Maswali

Katika swali la Kihispania lenye neno la kuuliza, kiima kwa kawaida hufuata kitenzi: “¿Dónde está la oficina?” Mpangilio huo hubaki katika taarifa: “Preguntó dónde estaba la oficina.” Kiingereza hugeuza mpangilio katika swali halisi na kuurudisha katika taarifa: “She asked where the office was.” Mjifunzaji husema *“She asked where was the office.” Aidha, katika mazungumzo Kihispania huweza kutanguliza “que” mbele ya neno la kuuliza, “Preguntó que dónde estaba”, na hapo huweza kuzuka *“She asked that where...”.

Kosa hili ni la kawaida na masikio ya mwalimu hulikamata upesi. Lakini halipotezi maana. Hakuna msikilizaji wa Kiingereza atakayeshindwa kuelewa kwamba ofisi ilikuwa ikitafutwa. Ni jambo la kutafakari kwamba kosa lisilo na madhara husahihishwa mara mia, na lile la “that I signed” hupita bila kuonekana kwa sababu halina sura ya kosa.

5.0 Kipi Kifundishwe Kwanza

Kutokana na maelezo hayo, mpango wa ufundishaji unapaswa kujengwa juu ya maswali mawili: mjifunzaji anacho nini tayari, na kosa lipi hupotosha maana? Ukiulizwa hivyo, mfuatano wa kawaida wa vitabu hupinduka.

Kwanza, amri na maombi. Mwalimu ana kipimo chepesi kilichomo katika lugha ya mwanafunzi. Amwulize: kwa Kihispania ungesema “que viene” au “que venga”? Jibu likiwa la pili, na kitenzi cha Kiingereza kikiwa “tell” au “ask”, basi “that” iondoke na “to” iingie. Baadaye sana ndipo viletwe vitenzi kama “suggest”, ambavyo havikubali muundo huo na hurudi kwenye kishazi chenye “that”.

Pili, kiima na nafsi. Kila taarifa iulizwe: nani alikuwa na ufunguo, na ufunguo ni wa nani? Zoezi lisilotaja wasemaji haliwezi kujibu maswali hayo, kwa hiyo zoezi la namna hiyo liachwe.

Tatu, “say”, “tell” na “explain”, pamoja na vitenzi vinavyobeba nia ya msemaji: kuahidi, kukataa, kukiri, kuonya. Katika maisha ya kila siku watu hawageuzi sentensi nzima neno kwa neno. Husema “aliahidi kuja” na kumaliza.

Nne, njeo. Somo moja lililoandaliwa vizuri huweza kutosha kuweka “estaba” karibu na “was”, “vendría” karibu na “would come”, na “había terminado” karibu na “had finished”, kisha kushughulikia kwa kina utata wa “lived”. Hapo pia ielezwe kwamba Kiingereza huruhusu “She said she lives in Lima” ikiwa bado anaishi huko, kama Kihispania kinavyoruhusu “Dijo que vive en Lima”.

Tano, mpangilio wa maneno katika maswali. Umewekwa mwisho kwa sababu kosa lake humvunjia mjifunzaji heshima lakini halimvunjii ujumbe.

Kuhusu mazoezi, mlolongo wa watu watatu unafaa kuliko jedwali. Mwanafunzi wa kwanza humwambia wa pili jambo nje ya darasa. Wa pili humfikishia wa tatu. Wa tatu hutenda. Ikiwa aliambiwa afungue dirisha na dirisha likafunguka, taarifa imefika. Ikiwa wa tatu amekaa akidhani amepewa habari kwamba dirisha lilifunguliwa, wote watatu wameona kosa bila mwalimu kutia neno.

Pingamizi moja lina uzito. Darasa la London au New York huwa na lugha nyingi za kwanza, na mwalimu hawezi kuandaa mpango kwa kila moja. Isitoshe, wasemaji wa Kihispania wenyewe hawalingani. Katika Kihispania cha Kuba, cha Jamhuri ya Dominika na cha Puerto Rico husikika “¿Qué tú quieres?”, ambapo kiima hutangulia kitenzi hata katika swali. Katika Andes wako watu ambao Kihispania ni lugha yao ya pili na Kiquechua ni ya kwanza, lugha yenye kiambishi maalumu cha kuonyesha kwamba habari imesikiwa kwa wengine. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini halirudishi hadhi ya jedwali. Linadai tu kwamba mwalimu ajue wanafunzi wake. Na katika miji ya Hispania na Amerika ya Kusini, ambako darasa zima aghalabu huwa na lugha moja ya mawasiliano, hakuna udhuru wa kufundisha kana kwamba lugha hiyo haipo.

6.0 Uzito wa Suala

Yawezekana kuulizwa: kama mambo ni mazito hivyo, si wako wakalimani? Wako. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1978 iliweka utaratibu wa wakalimani katika mahakama za shirikisho. Na ni jambo lenye maana kwamba mkalimani wa mahakama hufundishwa kutotumia usemi taarifa kabisa. Shahidi akisema “Nilimwona”, mkalimani husema “Nilimwona”, wala si “Anasema kwamba alimwona”. Kanuni hiyo hulinda nafsi, njeo na dhamira zisiharibike njiani.

Lakini mkalimani hayupo jikoni mwa mkahawa, wala kwenye kiwanja cha ujenzi, wala nyumbani ambako mtoto wa miaka kumi humfasiria mama yake barua na simu. Huko usemi taarifa ndio njia pekee. Tena, hata mbele ya mkalimani bora, shahidi mwenyewe huulizwa aliambiwa nini, na anayechagua kujibu kwa Kiingereza chake hubeba peke yake tofauti kati ya “to sign” na “that I signed”.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba msemaji wa Kihispania huja darasani na kanuni ya njeo inayokaribiana sana na ya Kiingereza, na kwamba hatari kwake iko katika amri zinazogeuka habari na katika nafsi zisizotajwa. Umeonyesha pia kwamba msemaji wa Kiswahili huja na mzigo tofauti: ana “sema” na “ambia”, ana “-e” ya amri, ana viambishi bayana vya nafsi, lakini hana mazoea ya kurudisha njeo nyuma.

Funzo kwa wanafunzi wa isimu ya Kiswahili liko karibu. Kiswahili nacho hufundishwa kwa wageni, wakiwamo wasemaji wa Kihispania. Mgeni huyo akiongozwa na lugha yake atasema “Alisema kwamba alikuwa anaumwa” pale ambapo Mswahili angesema “Alisema kwamba anaumwa”, na msikilizaji ataelewa kwamba ugonjwa ulikuwa wa zamani na umekwisha. Hiyo nayo ni sentensi isiyo na kasoro iliyobeba habari isiyo ya kweli. Jedwali la njeo lililoazimwa kutoka katika vitabu vya Kiingereza halitamwokoa, litamzamisha zaidi. Kinachohitajika ni maelezo ya usemi taarifa wa Kiswahili yaliyoandikwa kutoka ndani ya Kiswahili, na yanayojua mjifunzaji anatoka katika lugha gani. Kazi hiyo ni ya wanaisimu wa Kiswahili, na haina sababu ya kungoja.